Akiba

Kwenye daftari nilishaandika tangu Alhamisi:
Elisaria, zamu ya tisa.
Nikapiga mstari chini yake kwa rula, kama mtu anayejua.

Jumamosi, uwanja wa Pasua, vumbi hadi kwenye meno.
Arusha wamekuja na gongo jipya linalolia kama kengele.
Tunaongoza nne kwa mbili.
Zamu ya saba, Kiure mkono umemwisha:
naona kiwiko kinashuka, mpira unaelea
kama andazi kwenye mafuta.
Besi ya kwanza ina mtu. Ya pili ina mtu. Ya tatu ina mtu.
Na anayekuja kugonga ni Lomayani, mtoto wa seremala,
mabega kama mlango wa ghala.

Elisaria yuko kwenye kreti ya soda,
anautupa mpira ndani ya glavu yake mwenyewe,
pa, pa, pa,
ananitazama.

Nikamwita Gadieli.

Sina ugomvi na Gadieli. Anawahi mazoezi,
anaokota mipira bila kuagizwa.
Mrusho wake wa pili uliruka ukuta
ukaangukia mchicha wa Mama Ndeshi.
Wanne wakarudi nyumbani wakicheka.

Zamu ya tisa ikafika, kama nilivyoiandika.
Elisaria akaingia. Wagongaji wao watatu wa mkiani,
mirusho tisa, gongo halikugusa kitu.
Wazazi wakapiga makofi.
Sita kwa nne ikabaki palepale ubaoni.
Hodari wa kuzima moto, nami nimemwita apulize majivu.

Akiba haiozi, nilifundishwa.
Ile iliniozea mkononi.

Baba yangu, kule Usangi, alikuwa na zamu yake ya maji ya ndiva.
Hakufuata kalenda. Alilishika jani la haragwe;
likijikunja, alitoka na jembe usiku uleule,
hata kama jua la kesho lingekuwa kali zaidi.
Kesho, alisema, ni ya haragwe lililo hai.

Lakini msiniambie ni rahisi.
Mwaka juzi nilimtumia Kiure siku tatu mfululizo,
kila palipowaka, Kiure,
na wiki nzima akalia chakula mkono wa kushoto,
na mama yake hakunisalimia sokoni Kiboriloni hadi Pasaka.
Mkono wa mtoto nao huisha.
Ndiyo maana niliogopa. Ndiyo maana rula.

Tulirudi kwa miguu, gunia la glavu begani.
Karibu na reli Elisaria akauliza, bila hasira,
kama anayeuliza saa:
"Mwalimu, ulikuwa unanitunzia nani?"

Treni haikupita. Hakuna kilichonisaidia.

Leo nimefungua ukurasa mpya. Jumamosi tunarudiana.
Nimeandika jina lake.
Zamu sijaandika.