Mguu Ule

Nyuma ya fomu za maabara, zile zilizochapwa upande mmoja,
nimeandika kwa kalamu inayokaribia kukata wino:
este, hiki hapa, nakishika.
ese, hicho, kiko kwako unayenisikiliza.
aquel, kile. Kule. Hakiko kwangu wala kwako.

Nilicheka peke yangu zamu ya usiku.
Miaka yote ya skuli nilihangaika na Kiingereza,
lugha yenye vidole viwili, hiki na kile,
kana kwamba kilicho mkononi mwako wewe
hakistahili neno lake.
Kumbe Wahispania nao huhesabu kama sisi:
kwangu, kwako, na huko mbali.

Daktari Odalisi katoka Kuba, kaja Chake na mabegi mawili
na kitabu cha Kiswahili chenye picha ya simba,
Pemba, ambako jambazi letu kubwa ni komba.
Mimi humfasiria wagonjwa, yeye hunifundisha wakati wa chai.
"La mano," alisema, akauinua mkono wangu.
Mwisho wake o, lakini ni wa kike.
Nikamwambia kwetu mkono si mke wala mume,
umekaa ngeli moja na mto, na mwiba, na mwezi.
Akafikiri. "Na mkarafuu?"
Na mkarafuu.

Kumiliki ndiko kulikonishinda.
Nilisema nuestra madre, mama yetu, anaumwa na miguu;
akaniuliza tumezaliwa wangapi.
Mmoja. Mimi tu.
"Basi mi madre."
Nikaandika mi madre, nikaona haya,
kama mtu aliyejipakulia kabla ya wageni.
Na su! Su casa: nyumba yake, nyumba yao,
nyumba yako wewe bibi ninayekuheshimu.
Neno hilo, watu wa mirathi wangelipenda.

Kwenye kichwa tu tulipatana.
Me duele la cabeza, kichwa chaniuma.
Sisi hatusemi changu, wao hawasemi changu.
Maumivu yanamjua mwenyewe, hayadai hati.

Alhamisi wakamleta Bwana Hamad Mkasha wa Ole,
kaanguka mkarafuuni, pakacha bado limefungwa kiunoni.
Miguu yote miwili kitandani, shuka moja.
Daktari akagusa wa kulia: "¿Esta?"
Huu?
"Ule."
Akagusa wa kushoto. "¿Esta?"
"Ule," akasema, macho darini.
"Mguu ule, mwanangu. Sina habari nao."

Kanuni naijua. Mguu uko mwilini mwake,
shubiri tatu kutoka kidole chake mwenyewe.
Fomu zangu zote zingesema esta.
Ningeweza kumsahihishia, nani angejua?
Nikasema: "Aquella. Dice aquella."

Daktari akaanza kutabasamu, kama afanyavyo nikikosea,
kisha akachukua sindano, akauchoma kidogo wayo wa kushoto,
akangoja.
Hamad hakushtuka.
Akachoma juu zaidi, chini ya goti.
Karafuu mbichi moja ilikuwa imenasa kwenye pindo la suruali,
niliitazama hiyo.

"Aquella," daktari akarudia, polepole,
akaandika.

Usiku nikarudi kwenye fomu.
Chini ya aquella niliacha nafasi ya mfano.
Kitabu kinapendekeza nyota, au mlima,
au treni, sisi ambao hata reli hatuna.
Nafasi ile bado iko wazi.

Asubuhi nilipofika nyumbani mama yetu
alikuwa kanyoosha miguu juu ya jamvi, ananingoja mimi na chupa ya mafuta.
"Huu," akasema, akiupigapiga. "Hapa hapa panauma."
Huu. Hapa hapa.
Nikakaa chini na viatu vyangu vya kazi.
"Esta," nikamwambia, nikikanda. "Esta, esta."
Akafumbua jicho moja.
"Esta ndiye nani?"