Sifuri Kwanza

Lushinge, mwana wa dada yangu, ameniundia tovuti.
Jina langu liko juu, kwa herufi za bluu:
MINZA NGUSA, FUNDI MIZANI, MAKOROBOI, MWANZA.
Chini yake: "Wanaotuamini."
Na chini ya hapo nembo sita zimekaa mstari
kama wageni rasmi waliowahi viti vya mbele.

Nikavaa miwani. Nikasogea dirishani na simu.

Ya kwanza, sangara wa fedha anaruka ndani ya duara:
kile kiwanda cha minofu kule Igogo.
Lango lina kufuli, kufuli lina kutu,
na korongo waliokuwa wakingojea mapanki ukutani
wamehama zamani.
Hata marehemu ananiamini?

Ya pili, hoteli. Jiwe na jua.
Waliniita siku moja, mizani ya jikoni,
wakanilipa soda na "tutakupigia."
Soda yenyewe ya moto.

Ya tatu, ua la pamba. Hilo halina neno.
Misimu miwili nimelala juu ya magunia yao kule Magu,
usiku nakaza springi, alfajiri wakulima wanapima,
na hela yangu nilihesabiwa mkononi.

Ya nne, benki.
"Lushinge, benki nimewafanyia nini?"
"Mama mdogo, si una akaunti kwao?"
"Basi mimi ndiye mteja wao."
Akacheka. "Nembo haisemi nani mteja wa nani."

Ya tano na ya sita sikuuliza.
Ukishavishwa koti la kuazima
unaogopa kukagua mifuko.

Chema chajiuza, walisema wahenga,
lakini wahenga hawakulipa kodi ya fremu.
Yangu ni tarehe tano. Nikanyamaza.

Jumanne akaja mtu wa dhahabu kutoka Geita,
viatu vina vumbi jekundu,
mizani ndogo ameiviringisha kwenye kanga ya mtoto.
"Nimeona benki kwenye ukurasa wako," akasema.
"Anayeaminiwa na wakubwa anajua kutunza siri."
Akavuta kiti karibu.
Alitaka pointi mbili tu,
pointi mbili zipotelee njiani kila gramu;
wachimbaji wadogo, alisema, hawana macho ya pointi.
Akaweka noti mezani bila kuzihesabu.

Nilimfungia mizani yake kwenye kanga. Sikumhubiria.
Nilimwambia springi zimeniishia.
Huo nao ulikuwa uongo. Mwepesi, nimeupima.

Jioni nikashuka Mwaloni
kwa Nyanjura wa Ukara, muuza dagaa.
Miaka kumi na moja namtengenezea mizani ile ile,
ya sahani iliyobonyea.
Hana nembo. Ana alama ya mkaa kwenye viroba,
duara na mistari miwili,
wapagazi wasije wakavichanganya.
Watu wakigombania kilo upande wa pili wa soko
utasikia: "Kapimeni kwa Nyanjura!"
na ugomvi unaishia hapo,
chuma kikigusa chuma.
Jina langu halitajwi.

Nikampigia Lushinge palepale, dagaa wananuka hadi kwenye simu:
futa benki, futa marehemu,
hoteli warudishie soda yao,
hao wawili wa mwisho siwajui na sitaki kuwajua.
Pamba iache.
Halafu weka duara la mkaa.
"Litaonekana kama uchafu kwenye kioo, mama mdogo."
Liache lionekane.

Ameliweka. Anasema ukurasa sasa una njaa,
nembo mbili na weupe mtupu.
Mimi nautazama weupe ule
namkumbuka aliyenifunza kazi, mkono wake juu ya wangu:
kabla ya jiwe la kilo, kabla ya samaki,
kabla mwenye mali hajafungua mdomo,
sahani ikiwa tupu
sindano iseme sifuri.

Inasema.

Tarehe tano ni keshokutwa.