Kondoo wa Juu ya Dari

Masanduku yangu kumi na moja yalikuwa bado bandarini,
yamefungwa utepe wa forodha, yakisubiri muhuri
wa mtu aliyekwenda msibani,
nami nikalala juu ya godoro la kuazima, mtaa wa Ouakam,
nikisikia juu ya dari
mtu akitembea na viatu vya mbao.

Ko. Ko. Kisha kimya. Kisha ko.

Asubuhi nikamuuliza Birane, mlinzi:
nani anaishi juu yangu?
Akacheka mpaka kahawa yake yenye pilipili ikampalia.
"Ni Waziri," akasema. "Kondoo wa Mama Sokhna.
Bei yake inaishinda kodi yako ya miezi mitatu."

Dada yangu Dzintra hupiga simu Jumapili kutoka Riga:
umeshazoea?
Namwambia maji hukatika asubuhi, hurudi saa tisa usiku,
kwa hiyo nimejifunza kuoga kama mwizi.
Namwambia vumbi la jangwa huingia hata ndani ya yai.
Simwambii kwamba dukani nilisimama robo saa,
noti mkononi, nikisema mkate, mkate,
na Yoro mwenye duka akanitazama
kama ukuta unavyoutazama ukuta,
hadi bibi mmoja nyuma yangu akaninong'oneza:
Binti, hujamsalimu.
Salamu hapa si mlango. Ni nyumba nzima:
umelalaje, wa nyumbani je, kazi je, joto je,
na baada ya hayo yote, ikiwa bado unaukumbuka,
mkate.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
mimi miezi miwili ilipita
bila mtu kunipa mpini wa chochote.
Kisha Mama Sokhna akaitwa Kaolack, kaka yake amefariki.
Alinigongea alfajiri, macho mekundu,
hakusema tafadhali.
Aliniwekea kiganjani ufunguo wa paa
na miguuni ndoo.

Nikapanda.
Waziri alikuwa mweupe, mrefu, pua ya hakimu,
pembe zimejikunja
kama mtu aliyeanza kusema neno akaghairi.
Nyuma yake mapaa yote ya mtaa, na juu ya kila paa
kondoo mwingine, na antena, na shuka zilizoanikwa,
na mbali kipande cha bahari chenye rangi ya sufuria.
Akanywa. Akanikanyaga mguu.
Siku nne nilimsemesha Kilatvia,
lugha ambayo mdomo wangu ulishaanza
kuikunja na kuiweka kabatini.
Nilimtajia hata bei ya tikiti ya kurudi.
Alicheua. Hakuna aliyewahi kunisikiliza
kwa utulivu ule.

Wenzangu wa ofisini waliondoka wiki ya Tabaski,
Idi ile ya kuchinja. Walisema damu, kelele,
bora Cabo Verde.
Mimi nilibaki. Sitasema nilitazama. Nilikuwa jikoni
nikimenya vitunguu kilo nane pamoja na wapwa zake watatu,
na vitunguu vilinipa sababu.

Usiku ule, saa tisa, maji yaliporudi, niliamka
nikangoja ko.
Bomba likakohoa. Jirani akazima redio.
Dari ilikuwa dari.

Masanduku yalifika wiki iliyofuata. Nimefungua manne.
Yaliyobaki tumeyafanya meza ya chai pale ngazini.
Juu yake nimeandika kwa wino mwekundu, kwa lugha yangu,
Shika Polepole,
na Birane huibwaga birika papo hapo
kila siku saa kumi.

Jana Mama Sokhna alishuka akishikilia ukuta.
Akasema kondoo mwakani watapanda bei,
je, tutanunua nusu kwa nusu?

Nikamwomba aketi kwanza juu ya sanduku.
Nikamuuliza ameamkaje,
na wa Kaolack hawajambo,
na lile goti.