Alama ya Kuuliza

Siku ya tatu, Kalubwe, mvua ya kwanza haijanyesha,
meno ya mashine yangu yaligusa kitu
kisicholia kama jiwe wala kama mzizi.
Miaka kumi na tisa nachimba misingi ya Lubumbashi,
nazijua sauti za chini:
bomba hupiga yowe, kichuguu hukohoa,
mwamba hunirudishia pigo hadi begani.
Hii ilisema kha, taratibu,
kama mtu aliyeamshwa na bado ana usingizi.

Nikazima injini.

Chungu, kimelazwa kifudifudi,
mdomo umemegwa na jino langu.
Chini yake kiuno cha mtu.
Kiunoni misalaba ya shaba, midogo,
kila mmoja kama kidole cha mtoto anayejifunza kuhesabu,
imevaa kutu ya kijani.

Kapita Musongela akaja mbio, macho kwenye saa.
– Kabange, unajua saa moja ya mashine ni mifuko mingapi ya simenti?
Mwaga kwenye lori! Mifupa ya mbwa hiyo.
– Mbwa havai shaba kiunoni, nikasema.
Kijana wa koleo alishaanza hesabu zake:
kilo, mizani, yule mnunuzi wa vyuma kule Katuba.

Mimi si msafi.
Mwaka ule wa barabara ya Kasungami
niliisikia kha hiyohiyo mara saba, labda nane,
nikakanyaga mafuta.
Udongo ule ulifukia mashimo.
Hupita juu yake nikienda harusini.

Baba alikuwa mtu wa tanuru.
Alikohoa shaba maisha yake yote,
akafa bila hata sufuria moja ya shaba.
Nyanya yake alizaliwa kwa wale ambao kiangazi, mtama ukishavunwa,
waliyeyusha mawe kwa mkaa na mivukuto ya ngozi.
Msalaba ulikuwa pesa, ukawa mahari, ukawa kwaheri.
Sisi twapakia tani na tani,
na umbo lake tumelisahau.

Nikashuka, nikakaa juu ya mnyororo wa mashine,
ufunguo nikautia ndani ya soksi.

Mama Nsenga wa makumbusho alifika saa nane kwa pikipiki:
kamba, misumari, brashi ya rangi,
na kijiko, kijiko hasa cha chai.
Aliomba siku thelathini. Akapewa nne.
Alitandaza kamba mraba kwa mraba
kama anayewapimia viwanja watu wasioweza kugombana.
Hakuinua kitu kabla ya kukichora.
– Si ukusanye tu, ukaoshe?
Akajibu uso ukiwa bado shimoni:
– Neno likinyofolewa kwenye sentensi,
nitajuaje kama lilikubali au lilikataa?
Huu uko mkono wa kuume. Ule, magotini.
Nikibeba gunia la shaba bila mahali pake,
nimebeba gunia la shaba.

Siku ya nne mawingu yalijaa upande wa Kafubu.
Baada ya barua yenye mihuri mitatu
mwenye jengo alisogeza gereji yake mita mbili.
Mita mbili. Mengine yalimezwa na zege,
na mshahara wangu ukakatwa.

Matone yalipoanza kupiga turubai
nilitia mkono mfukoni, nikamtolea msalaba mmoja.
Niliuokota asubuhi ile, kapita hajafika.
Sijui kwa nini. Ulinitosha kiganjani.
Hakunigombeza. Alifungua daftari:
mtu wa penseli, mistari myembamba,
kila shaba na namba yake.
– Huu ulikuwa wapi?
Nikafumba macho. Kushoto? Chini ya kiwiko? Au
mvua ikazidi.
Alinisubiri, kalamu hewani, karatasi ikilowa.
Kisha akachora duara dogo pembeni, nje ya mwili,
na ndani yake alama ya kuuliza.

Nimechimbia nusu ya mji huu misingi.
Mahali nilipoandikwa ni hapo tu.