Bumba Kwenye Mbono

Nilikuwa kwenye mzinga wa saba, kifuniko mkononi,
nikihesabu masega yaliyokwisha pigwa lakiri,
niliposikia hewa ya Mkuzi inachanika
kama doti ya kanga inapokatwa katikati.

Si wangu.
Wangu nawajua kwa mlio,
hunung'unika kama wanawake kwenye foleni ya maji,
na wakinichoma huchoma kwa adabu.
Hawa walishuka kutoka Magoroto,
wakavuka michungwa iliyochanua bila kunusa ua moja,
weusi, wengi, hawana habari na mtu,
kivuli kisicho na mti.

Wanasema fuata nyuki ule asali.
Hawakusema lolote
juu ya nyuki wanaokufuata wewe.

Nikachuchumaa. Jasho likaingia jichoni, nikaliacha.
Wakazunguka, wakazunguka tena,
wakapita juu ya kasha langu jipya,
lililopakwa nta, likasuguliwa mchaichai,
mkopo wa kikoba, miezi kumi na minne tupu,
mpangaji wake mjusi.
Wakalidharau.
Wakaenda kutundikana kwenye mbono.

Mbono ule ule
ambao Semhando anasema ulipandwa na babu yake mpakani
na mimi nasema umehama usiku,
hatua nne kuingia kwangu.
Miaka mitatu hatusalimiani
kwa ajili ya mti ambao hata mbuzi haugusi.
Na sasa umezaa bumba, urefu wa mkono wangu,
linapumua,
linavutika kama uji mzito unaokataa kudondoka.

"Wako?" aliuliza, amesimama kwake.
Neno la kwanza tangu baraza la kata.
"Wako?" nikamrudishia.
Nyuki nao hawakuwa na hati.

Mimi nina kasha. Yeye ana ngazi ya kuchumia machungwa.
Hakuna aliyeomba.
Aliileta begani, na makumbi ya nazi yanafuka kwenye kopo,
akapanda, akashika tawi kwa mikono miwili
kama mtu anayepokea mtoto mchanga asiye wake.
Nikakata.
Likaanguka ndani kwa sauti ya unga,
kilo mbili za uhai, mikono yangu ikashuka nazo.

Walimchoma sikioni mara mbili.
Nilikwangua miiba kwa ukucha, sikumwambia pole.
Sikio la adui yangu lilikuwa moto
na lilikuwa na mvi ndogo, ambazo zamani hazikuwepo.
Kasha tuliliacha palepale,
nusu kwake, nusu kwangu,
na hapo ndipo hatukubishana.

Usiku niliamka mara tatu kusikiliza.
Alfajiri nikaenda na kanga mabegani, umande hadi magotini:
kasha tupu.
Kipande cha sega tu, cheupe, ukubwa wa sarafu,
walichokijenga usiku mmoja
kisha wakaghairi.

Semhando alikuwa amekwisha fika, kikombe mkononi, sikio limevimba.
"Wameelekea wapi?"
Magoroto, nikasema.
Akasema hapana, watu wa aina hii huelekea Pangani.
Magoroto, nikasema, nimezaliwa hapa.
Na mimi nimezaliwa wapi, akasema,
na chai yake ikapoa tunabishana hivyo,
tunaangalia juu, kila mtu kwake.

Ngazi bado imeegemea mchungwa wangu.
Sijairudisha.
Hajaiulizia.