Kati ya Mlandizi na Kimara

Chalinze naikumbuka:
nilinunua mahindi ya kuchoma, nikadai chenji yangu, mia mbili.
Mizani ya Vigwaza pia. Karani alipima ekseli moja moja,
shaba ya watu, tani ishirini na nane, akagonga muhuri.
Mimi hakunipima.
Mlandizi naikumbuka kwa ajili ya mbwa.

Halafu taa za Kimara.
Mwanamke anafagia mbele ya duka la dawa,
foleni imeanza, adhana inakwaruza kwenye kipaza sauti,
na hapo katikati hamna kitu.
Kibaha nzima imepita chini ya matairi ishirini na mawili
na mwenye usukani hakuwepo.

Sikulala, naapa. Macho yalikuwa wazi,
makavu kama vigae, kope zina mchanga.
Nilikuwa nimetafuna buni, nimejipiga makofi,
nimeimba mapambio yote ya kwaya ya Uyole hadi nikachanganya beti,
nimeshusha kioo upepo wa Ruvu unichape.
Usingizi haubishi hodi kwa mtu wa kazi hii.
Unaingia kama maji kwenye kiatu:
ukishtuka, umeshalowa.

Namwamsha Ambakisye. Utingo anafuta udenda.
"Tumefika wapi?"
"Kimara."
"Nilikusikia ukiongea. Ulikuwa unaongea na nani?"

Barabara ya Mandela, foleni ya kuingia bandarini.
Saa nne nzima tunasogea urefu wa lori moja, tunasimama.
Pale Uhasibu nikashuka kukojoa:
mkojo kama chai ya rangi, nao ulikuja kwa kubembelezwa.
Goti limegoma kunyooka.
Mguu wa kulia umevimba, mkanda wa kandambili umezama nyamani,
na kisigino kinatetemeka
ingawa injini nimeizima.
Kiuno usiniulize.

Tandika, mchana. Atuganile ameniwekea feni.
Kitanda kinakwenda.
Ukuta unanijia na taa zake zote kali,
nakanyaga breki ndani ya shuka,
nakanyaga tena, haishiki,
kumbe ni muundi wa mke wangu.
"Umefika, baba Tusekile," ananiambia. "Umefika."

Jioni, simu. Bosi: mbolea, Tunduma, kesho saa kumi alfajiri.
Nikasikia sauti yangu ikijibu sawa.
Au ni yule mwingine,
yule wa Kibaha,
anayeijua njia.