Soketi ya Nusu Inchi

Saginaw, Februari. Theluji imefika kwenye kitasa cha gereji.
Nina dola mia sita na arobaini
na kipande cha boksi la nafaka nilichoandikia bei:
gasketi, mpya. Ringi, mpya. Beringi, mpya.
Pistoni nimezikata kwa mstari. Zitarudi zilezile;
nimezikwangua masizi kwa ringi iliyovunjika,
nikaziosha kwenye karai la kuogeshea mbwa.

Mwenye nacho hununua injini ikiwa ndani ya kasha.
Mimi nanunua Jumamosi.

Bi Verlene Hatcher, mwenye karakana ng'ambo ya mto,
alitumbukiza kipimo kwenye silinda, akafumba jicho moja.
"Haijaisha," akasema. "Imechoka tu. Isugue, usiichonge."
Akanitoza dola thelathini na mikate miwili ya shayiri,
kwa kuwa anajua ninakofanya kazi usiku.

Baba hushika taa. Ana miaka themanini na moja,
mkono unatetemeka, na kivuli cha Pontiac
kinachezacheza ukutani.
Hatuzungumzi. Tunaombana spana.

Nilipong'oa manifoldi,
chini yake, bondeni, penye tope la oili,
kidole changu kiligonga kitu kisicho cha injini.
Nikakifuta kwa fulana.
Soketi. Nusu inchi. Herufi mbili za jina la baba
alizozichora mwenyewe kwa msumari.

Soketi ile!
Iliyovunja nyumba mwaka themanini na tatu,
siku walipoifungua injini hii mara ya mwisho.
"Umeiuza," baba alimwambia Lyle.
Lyle alikuwa na miaka kumi na tisa. Alichukua koti.
Na kumbe injini ilikuwa imeimeza,
ikampeleka baba kanisani, ikamrudisha,
ikampeleka kiwandani hadi kiwanda kikafungwa,
haikukwaruza, haikulia, haikutoa ushahidi.

Nilimwekea kiganjani.
Akaigeuza. Akaigeuza tena.
"Nusu inchi," akasema.
Kisha, baada ya muda mrefu: "Gasketi bei gani?"
Akatoa pochi.

Wahenga walisema la kuvunda halina ubani.
Wahenga hawakufungua injini.

Aprili. Nimekaza kila boliti, nikarudia kukaza,
nikageuza ufunguo.
Ikakohoa. Ikakohoa. Ikatema moshi wa buluu,
mara ikanguruma, makopo ya rangi yakaanza kutembea rafuni.

Baba aliinyoosha simu kuelekea bomba la moshi,
mkono na chuma vikitetemeka pamoja.
Tulsa ilikuwa kimya.
Nikadhani amekata.
Kisha sauti ya mwanamume mtu mzima, nisiyoijua:
"Kuna moja haichomi.
Tazameni ya tatu. Ilikuwa hivyo tangu zamani."

Nikainama.
Waya wa plagi ulikuwa umelegea,
na baba alikuwa amekwisha kusogeza taa.